Jina la Baba Mkwe

Ikolo, Kyela
18 Mei 2025

Mdogo wangu Angetile,

Ugonile. Sisi huku tumeamka. Maji yameshuka na njia ya kwenda Kyela mjini inapitika, ingawa pale mtoni tunavuka kwenye magogo. Mpunga wa bondeni umelazwa na mafuriko, lakini tutavuna kiasi. Mpwa wako Tumaini yuko kidato cha tatu. Anakusalimu na anauliza kama homa iliyokuzuia kuja kumzika baba yake imekwisha. Baba mkwe ni mzima.

Nimekupigia mara nyingi, simu inaita tu. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimeitia kwenye furushi la mchele nikampa kondakta wa basi.

Shemeji yako namkumbuka kwa vitu vidogo. Unakumbuka alivyokuwa akitembea na kalamu mbili mfukoni? Moja haikuwa na wino. Alisema hiyo ni ya kuwaazima watu wasiorudisha. Jana nimefua lile shati na kalamu nimezikuta.

Sasa jambo lenyewe. Namba ya marehemu mume wangu Ambwene katika chama chetu cha kakao inatakiwa ihamie kwangu. Zamani ungemwona katibu Lugano, angeandika daftarini, yakaisha. Mwaka huu wameleta msaidizi wa kwenye simu. Si mtu. Unamwandikia ujumbe, naye anajibu Kiswahili kizuri, hata pole alinipa. Akaniuliza majina matatu ya marehemu. Nikaandika kama tulivyoandika miaka yote kwenye daftari la Lugano: Ambwene Tata Mwaisela. Akasema asante, nisubiri.

Tarehe 12 tukiwa kituoni tunapima kakao, simu za watu zikalia zote kwa pamoja. Ujumbe ulisema: "Wanachama mnataarifiwa kuwa maombi ya Atuganile Mwaisela yamekataliwa. Maelezo aliyotoa kuhusu marehemu si ya kweli." Simu zaidi ya mia nne, Angetile. Yangu ililia ya mwisho.

Wewe unafanya kazi za kompyuta. Naomba uwaulize waliotengeneza kitu hiki. Sitaki ugomvi na mtu. Nataka tu waseme, kwa watu walewale, kwamba sikusema uongo juu ya mume wangu.

Ni mimi dada yako,
Atuganile


Dar es Salaam
1 Juni 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Barua na mchele vimefika, ndaga fijo, asante sana. Elizabeth alipika jioni ileile na mtaa mzima ukauliza harufu inatoka nyumba gani. Watoto hawajambo. Homa ilikwisha. Simu sipokei kwa sababu ya kazi, unisamehe.

Kuhusu lile jambo, nimeulizia. Msaidizi huyo ni akili unde. Peke yake anajua kuongea tu. Ili afanye kazi, waliomtengeneza wamemuunganisha na mifumo ya watu wengine. Chukulia kwamba kila kampuni ina dirisha. Huingii ndani. Unapitisha karatasi iliyoandikwa kwa utaratibu wao, unaonyesha ufunguo kuwa umeruhusiwa, nao wanakurudishia jibu. Dirisha hilo wenye kazi hii wanaliita API. Msaidizi wa chama chenu amepewa matatu: la hali ya hewa, la kampuni inayohakiki majina, na la kutuma ujumbe kwenye simu. Hakuna mtu anayekaa kumwambia agonge lipi. Anaamua mwenyewe.

Alipogonga dirisha la majina, likamjibu kwamba hakuna Ambwene Tata Mwaisela. Tena wajane watano walikuwa wameandika hivyohivyo, Tata. Wanaume watano wamekufa na wote wana jina moja la kati. Akaona ni udanganyifu uliopangwa. Na alikuwa ameelekezwa kwamba akiona udanganyifu awatahadharishe wanachama. Kwa hiyo mashine haikukosea, dada. Ilifuata ilichopewa.

Dawa yake ni nyepesi. Nenda ofisini uandike jina kamili, Ambwene Hezroni Mwaisela. Ni kazi ya dakika moja.

Nakutakia afya njema,
Angetile


Ikolo
15 Juni 2025

Mdogo wangu Angetile,

Ugonile. Tumeanza kuvuna. Tumaini amekatwa na mundu kidole, si sana, anakitumia kama sababu ya kutoosha vyombo. Mwambie Elizabeth mchele ule ni wa mwaka jana, mpya utanukia zaidi.

Barua yako niliisoma kwa sauti ili Tumaini asikie. Nilipofika pale ulipoandika jina la baba mkwe sikulisoma. Nikalifunika kwa kidole, nikaendelea na mstari wa chini.

Angetile, umekaa huko miaka mingapi? Mimi ni mkamwana wa mzee yule. Sijawahi kulitamka jina lake tangu nilipoolewa, na kuliandika ni kulitamka kwa mkono. Sote tunamwita Tata, baba. Si mimi niliyebuni. Kuepuka hivi jina la mkwe wazee wanaita ukutila, na wewe hukuambiwa na mtu, uliliona nyumbani kwetu.

Tuko wajane kumi na mmoja. Watano tuliandika Tata, sita waliacha nafasi wazi, na wote walitangazwa kama mimi. Barua yangu ilizungumza habari zangu tu. Hao watano wewe umewajuaje?

Ofisini tulikwenda. Nitakuandikia walivyosema ili uone. Mwenyekiti Jubilate alikuwa mezani. Kulikuwa na vijana wa kubeba magunia, mmoja akasema, "Mama Tumaini, mume ulimwokota wapi hata baba yake humjui?" Wakacheka.

Stella, jirani yangu mjane, ulimi wake unaujua. Akamgeukia Jubilate: "Mwenyekiti, mpigie mkeo sasa hivi. Muulize jina la baba yako. Sisi tunakaa hapa tunasubiri."

Jubilate akajikuna shingo. "Mama, mila naijua. Mimi ni Mnyakyusa kama wewe."

"Basi andika wewe, kalamu hiyo hapo."

"Mfumo umefunga. Aliyekataliwa lazima aje mwenyewe, aandike kwa mkono wake mbele yangu, nipige picha niitume. Mashine haijui mila, na mimi sina ruhusa ya kuigusa."

"Na nani anayo?"

"Watu wa Dar."

Stella akasema, "Hao watu wa Dar, mama zao waliolewa na yatima watupu?"

Siku ya mwisho ni tarehe 31 Julai. Asiyeandika, namba ya mumewe inafungwa na jina linafutwa. Kakao yangu haitapokelewa kituoni. Lakini hilo nisingekuandikia mara mbili. Linaloniuma ni ule ujumbe. Kanisani juzi, mama mmoja mgeni wa huku, aliyehamia mwaka jana, alimsogeza mtoto wake mbali nami nilipokaa. Yeye hajui mila zetu. Anajua alichosoma.

Unakumbuka bwana kilimo alipokuja kuandikisha mashamba, mama akaulizwa shamba ni la nani? Lilikuwa la babu, baba mkwe wake. Mama alikufinya sikio, nawe ukasema jina la babu kwa sauti kama unaita mbuzi. Ulikuwa na miaka minane. Kila mgeni akija ulisimama karibu na mama kwa kazi hiyo, na ulikuwa unajivuna.

Waambie hao walioiunganisha. Nasubiri.

Dada yako,
Atuganile


Ikolo
20 Julai 2025

Angetile,

Ugonile. Sisi ni wazima. Mpunga tumemaliza kuvuna.

Sijapata jibu lako. Kondakta anasema barua aliikabidhi mkononi mwako na ulimpa ahsante. Zimebaki siku kumi na moja. Wanawake wananiuliza kwa sababu niliwaambia nina mdogo wangu.

Atuganile


Dar es Salaam
3 Agosti 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama unaipokea salamu hii. Nyumbani ni wazima.

Barua yako ya Juni niliisoma ndani ya gari nje ya ofisi, kisha nikaiweka chini ya kiti. Imekaa pale wiki sita. Ile ya Julai niliisoma nikiwa nimesimama, kondakta bado yuko mlangoni.

Hao walioiunganisha ni mimi. Hakuna wengine. Kampuni ilipopata kazi ya chama chenu nilifurahi, nikasema huko ni kwetu, nipeni mimi. Dirisha la majina nililifungua mimi. Maelekezo kwamba majina yanayofanana ni dalili ya udanganyifu niliyaandika mimi, na wakati nayaandika nilijiona mwerevu.

Dirisha la kutuma ujumbe lina funguo za aina mbili. Moja inamruhusu msaidizi amjibu aliyemwandikia, basi. Nyingine inamruhusu awaandikie wanachama wote. Hiyo ya pili ilikusudiwa kwa habari za mafuriko tu, na nilipaswa kuweka mtu wa kusoma kwanza kabla ujumbe haujatoka. Sikuweka. Nilikuwa nakimbizana na tarehe.

Tarehe yenyewe ilikuwa 9 Aprili. Mlikuwa mnamzika shemeji. Sikuwa na homa, dada. Nilikuwa kwenye kiti changu naunganisha dirisha lile. Nilijiambia Ambwene angenielewa, yeye alikuwa mtu wa kazi.

Na tarehe 12 Mei niliona jina lako kwenye kumbukumbu za mfumo kabla hujaniandikia. Nilijua ni wewe. Ningeweza kuurekebisha siku ileile. Lakini kuurekebisha kungemwonyesha mkuu wangu kwamba nilitoa ufunguo mpana, nikakaa kimya. Ndiyo maana nilisema mashine haikukosea. Ni kweli haikukosea.

Sasa nimebadilisha. Mwanamke anaweza kuja na mtu wa kumsemea jina, mtoto au jirani, na msaidizi anakubali. Ufunguo mpana nimeuondoa. Kabla sijauondoa, jana, mfumo ulituma ujumbe wa kuomba radhi kwa wanachama wote. Natumaini mmeupata.

Angetile


Ikolo
17 Agosti 2025

Mdogo wangu Angetile,

Ugonile. Tumaini amerudi kutoka shule, kidole kimepona, kimebaki na alama. Kuku wanaumwa. Nimechoma ndizi leo, nikachoma mbili za ziada kwa mazoea, nikazila zote.

Barua yako imefika ikiwa imechelewa siku nyingi. Lile jina niliandika, Angetile. Tarehe 30 Julai.

Nilikwenda mapema ili nisikute watu, lakini Jubilate alikuwa na wageni wawili kutoka Njisi. Aliniambia, "Mama Tumaini, ukitaka nitageuka." Akageuka kweli, akatazama dirishani. Nikaandika. Mkono ulikataa kwenye herufi ya kwanza, nikafuta, nikaandika tena. Kisha ilibidi ageuke apige picha. Wanne waliandika baada yangu kwa sababu waliona mimi nimeandika. Stella hakuandika. Alisema heri auze kakao kwa walanguzi wanaopita na baiskeli. Yeye na wengine watano namba zao zilifungwa. Hao wafungulie haraka, wao bado wana kitu cha kulinda. Mimi usinifanyie chochote, rekodi yangu sasa ni sahihi.

Baba mkwe amesikia. Kijiji ni kidogo.

Kwamba ni wewe, nilijua. Lugano aliniambia mwezi wa tano kwamba jina lako lipo kwenye karatasi za mkataba. Nilikuandikia kama sijui ili upate nafasi ya kusema mwenyewe. Kila nilipofungua bahasha yako nilitafuta neno hilo kwanza, ndipo narudi kusoma salamu. Na kuhusu homa, nilikuwa nimemwambia Tumaini akuombee kila jioni. Sijamwambia aache.

Ule ujumbe wa radhi tuliupata. "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Stella alinisomea, akauliza, "Huyu Tunaomba ni mtoto wa nani?" Tulicheka, lakini angalia, mdogo wangu. Mimi nilitajwa kwa jina mbele ya watu mia nne. Anayeniomba radhi hana jina. Mwanamke wa kanisani bado hajui kama nilisema uongo au sikusema. Amejua kulikuwa na usumbufu.

Sikuombi uje. Nauli ni kubwa na kazi yako naijua sasa. Nakuomba uandike wewe, si mashine, useme ni nani alifanya nini. Mkutano wa chama ni tarehe 14 Septemba. Lugano atasoma.

Dada yako,
Atuganile


Dar es Salaam
30 Agosti 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Elizabeth na watoto wanakusalimu. Nimemweleza Elizabeth yote. Alikwenda kukaa na watoto.

Mkuu wangu naye nimemwambia. Kazi ya chama chenu amepewa mwingine, na mimi nimerudishwa kwenye kazi nilizofanya miaka sita iliyopita. Kabla sijaikabidhi nilizifungua namba sita. Nimehakikisha kwa macho yangu, moja baada ya nyingine.

Karatasi ya pili ni ya Lugano. Nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno mengi juu ya mifumo, nikaona nimejificha tena. Hii ndiyo iliyobaki:

"Wanachama wa chama cha kakao, mimi ni Angetile, mtoto wa hapahapa Ikolo, mdogo wake Mama Tumaini. Ujumbe wa tarehe 12 Mei ulitoka kwenye mfumo nilioutengeneza mimi. Niliuunganisha na hifadhi ya majina ya watu wa mbali, nikaupa ruhusa ya kuwaandikia ninyi nyote bila mtu kusoma kwanza. Dada yangu na wenzake kumi hawakudanganya. Waliwaheshimu baba wakwe zao kama mama yangu alivyofanya, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Nilipoona kosa nilinyamaza karibu miezi mitatu ili nisiaibike. Wao wakaaibika badala yangu. Siku ya maziko ya shemeji yangu sikuwa mgonjwa. Nawaomba radhi kwa jina langu."

Dada, hiyo ya maziko hukuniomba niiandike. Nimeiacha humo.

Angetile


Ikolo
21 Septemba 2025

Mdogo wangu Angetile,

Ugonile. Joto limeanza na ziwa limetulia. Kuku waliobaki ni wanne. Tumaini amesikia ile ya homa mkutanoni, kwa sababu alikuja kunibebea kiti. Njiani alitangulia na kiti. Usiku wa siku ile alisali, akaruka jina lako, na jana amelirudisha.

Watu walikuwa wengi, hata wa Makwale walikuja. Lugano alisoma polepole. Mzee mmoja akauliza, "Angetile yupi? Yule aliyekuwa akianguka kila siku kwenye mfereji?" Watu wakacheka, na Stella akajibu, "Huyohuyo, na amekwenda hadi Dar kuanguka tena." Hapo hata mimi nilicheka. Kisha Jubilate akasimama, akavua kofia, akasema, "Mama Tumaini hakusema uongo. Wenzake hawakusema uongo. Nami niliwaandikisha majina ya wakwe zao huku najua." Akakaa. Hakukusudia kusema hilo la mwisho, nilimwona.

Yule mama mgeni alinifuata mlangoni. Akanishika mkono tu, mkono wake umekauka kwa sabuni kama wangu. Basi, nilichokuomba nimekipata. Ndaga fijo.

Kuna kitu kimoja hukuniuliza, nami sitaki ukisikie kwa mtu mwingine. Nikikutana na baba mkwe njiani, mimi hutoka nikasimama shambani na kumpa mgongo mpaka apite, kama mkamwana yeyote. Zamani, akishapita, alikuwa akikohoa mara moja kunijulisha kwamba njia ni yangu. Tangu mwezi wa nane hakohoi. Nasimama tu kwenye migomba nikikadiria kama ameshapita. Sijui kama ni hasira, au ni uzee umempunguzia pumzi, na hakuna wa kumuuliza, kwa sababu swali lenyewe lingenilazimu niseme nililoandika.

Anayetuona kwa mbali atadhani bado namheshimu vilevile. Ni kweli namheshimu. Lakini sasa natoka njiani mapema zaidi, kabla hajaniona.

Nimekuwekea mchele mpya kilo kumi. Umwambie Elizabeth auloweke kidogo kwanza. Mwezi wa kumi na mbili kama utapata likizo, kaburi la shemeji yako linahitaji kujengewa, na mchanga tunachota wenyewe.

Ni mimi dada yako,
Atuganile